Glavu ya Besiboli Haina Mwenzake

Ukinijia na glavu ya besiboli mkononi, na swali lako la kwanza likawa "Mama, mwenzake iko wapi?", sitakujibu. Nimelijibu mpaka mdomo umechoka. Nilikuwa na kibanda pale soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mabegi na viatu vya mitumba, tangu wanangu wakiwa wa kubebwa mgongoni mpaka magoti yaliponiambia Nyar Usenge, rudi nyumbani. Hilo ndilo jina langu la sokoni, binti wa Usenge, na wengi hawajui lingine. Mipira, raketi, viatu vya soka, glavu, vyote vimepita mikononi mwangu. Nilipostaafu nilidhani nitakunywa chai yangu kwa amani. Lakini nyinyi vijana hamtaki. Kila wiki kuna mtu amenunua takataka huko, ananiletea nimshonee. Basi leo nitasema yote mara moja, na nitasema nikiwa na hasira, kwa sababu ya yaliyompata Adhiambo.

Adhiambo ni binti wa jirani yangu wa sokoni, Mama Adhiambo, yule wa nyanya, ambaye tumekaa naye kibanda kwa kibanda miaka yote. Msichana mwembamba, mpole, haongei sana. Lakini akirusha kitu, kinaenda. Mwaka huu shule moja ya wasichana, ambayo siitaji, ilimwona kwenye michezo na mwalimu akamwambia mama yake wazi: akiingia timu ya softiboli, ule mchezo ndugu wa besiboli, shule itambebea karo. Asipoingia, atarudi nyumbani. Na mnajua kurudi nyumbani ni nini. Ni nyanya asubuhi, nyanya jioni, mpaka aje mtu amuoe. Ndiyo maana nilikasirika hivi. Msione ni mzee anapiga kelele juu ya kipande cha ngozi.

Lakini kwanza hili la mwenzake.

Aliyenifunza ngozi alikuwa Mzee Okumu, fundi wa viatu aliyekuwa na kiti chake nyuma ya kibanda changu. Mtu mkali, Mungu amlaze pema. Ukishona kombo, anaukata ule mshono mbele yako bila kusema neno, halafu anakurudishia uanze tena. Glavu ya kwanza ilipotoka ndani ya beli, yaani robota, la mabegi, tuliigeuza huku na huku. Ngozi nzuri sana, lakini ni moja. Mzee akasema, "Iweke juu pale. Mwenzake atakuja na beli lingine." Tukaining'iniza. Mvua ikanyesha, ikaisha. Watu wakawa wanauliza kama ni ya kupigana ndondi, na Mzee anawajibu, "Ngojeni mwenzake." Siku moja akapita kijana wa chuo kule Maseno, akaiona, akacheka mpaka akaketi juu ya mabegi yangu. "Mzee," akasema, "hii haina mwenzake. Unavaa mkono mmoja wa kudakia, mwingine unarushia." Mzee Okumu alimtazama, halafu akaniambia kwa Kidholuo nimuuzie haraka kabla hajatuambia hata viatu vinavaliwa kimoja.

Sasa shikeni hili kichwani, na atakayenirudishia hilo swali nitamfukuza. Glavu inavaliwa mkono usiorusha. Mtoto anayerusha na kulia anavaa kushoto. Mtoto anayerusha na kushoto anavaa kulia. Ni hivyo tu, lakini nimeona watu wazima wenye ndevu wakishindwa. Na usimuulize mtoto anaandika na mkono gani, kwa sababu huku kwetu mtoto wa mashoto ameshapigwa vidole na rula mpaka anaandika na kulia kama wenzake. Mpe chungwa lililooza, mwambie alitupe mbali, usimpe nafasi ya kufikiri. Mkono utakaoenda wenyewe ndio wa kurushia. Mimi nilikuwa naweka machungwa mabovu chini ya meza kwa kazi hiyo tu, na mama wa matunda alidhani nina wazimu.

Adhiambo ni wa mashoto. Kwetu tunasema racham, na hatusemi kwa kusifu. Kushoto si mkono wa kumpa mtu kitu. Si wa kusalimia. Si wa kupokelea chakula. Mama Adhiambo alikuwa akimwona mtoto ananyoosha kushoto kuchukua kipande cha ugali, anaupiga ule mkono kofi bila hata kuacha kuongea na mteja. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, huo mkono haujaiba kitu." Anajibu, "Nyar Usenge, samaki mkunje angali mbichi." Mimi nimezaliwa ufukweni, nimeanika omena, wale dagaa wetu, kabla sijajua kusoma, halafu mtu wa nyanya ananifundisha samaki.

Basi siku moja Adhiambo anakuja kwangu mtaa wa Manyatta na sare ya shule, macho mekundu, na glavu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia aketi. Nikamwekea chai. Nikaichukua ile glavu, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaanza kuona moto.

Ilikuwa mpya, inang'aa, nyeusi na mistari myekundu. Mnapenda sana kung'aa nyinyi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imejitembeza kutoka kwenye picha ya simu mpaka shuleni. Mwalimu aliona picha, akapenda, akaagiza za timu nzima. Sasa niwaambie Mzee Okumu alinifundisha nini, kwa sababu bei ndogo si kosa. Mimi mwenyewe nimeuza vitu vya bei ndogo maisha yangu yote. Kosa ni kununua kwa macho.

Anza na pua. Ngozi ina harufu yake hata ikiwa kuukuu, hata ikiwa imekaa na viatu kwenye beli. Plastiki inanuka duka. Halafu lamba kidole, gusa. Ngozi itakunywa yale mate pole pole na pale patakuwa peusi kidogo. Plastiki itayaacha pale juu yakikutazama. Halafu kunja kidole kimoja cha glavu. Ngozi inakunjika na kubaki na mikunjo midogo midogo, kama kiwiko cha mtu. Plastiki inafanya mstari mweupe mmoja, na hapo ndipo itakapopasuka.

Ukimaliza hapo, angalia ule wavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Huko ndiko mpira unakolala. Weka ngumi yako ndani, sukuma kwa nguvu. Muuzaji akikuzuia kusukuma, ondoka. Angalia zile kamba. Zikiwa za ngozi na zimepita kwenye matundu, hata zikikatika fundi yeyote wa viatu atakuwekea nyingine na glavu itaendelea kuishi. Zikiwa zimeshonwa na uzi tu kwa ajili ya urembo, siku uzi ukiachia, umebaki na kofia. Halafu bonyeza pale chini kwenye kiganja. Sponji iliyozeeka inasagika, utaisikia chini ya kidole kama pumba. Hiyo hailindi mkono wa mtu.

Na wazazi, mnisikie. Mnawanunulia watoto sweta ya shule ya kukua nayo, mikono inafika magotini, sawa, sweta haiumi. Glavu hainunuliwi ya kukua nayo. Mtoto aivae, aifunge na kuifungua mwenyewe mbele yako. Asipoweza kuifunga, ni kubwa au ni ngumu, na mpira utaingia na kutoka wakati yeye bado anahangaika. Ndogo ya ngozi, iliyotumika, imeshalainishwa na mtoto wa mtu huko ng'ambo, ni bora kuliko kubwa mpya ya plastiki. Siwaambii plastiki haina kazi. Watoto wadogo wanacheza uwanjani na mpira wa tenisi, wanunulieni hiyo ya plastiki, watafurahi na hawataumia. Lakini mpira wa softiboli ni mkubwa, ni mzito, na unarushwa na wasichana waliochota maji tangu wakiwa wadogo. Huo hauendi kwenye plastiki.

Nikampa Adhiambo ile glavu, nikamwambia aivae. Akaivaa mkono wa kushoto.

"Unarusha na gani?"

"Kushoto, dani." Dani ni nyanya, bibi, na ananiita hivyo ingawa hatuna damu moja.

"Sasa unarusha aje ukiwa umevaa kushoto?"

"Nadaka, natoa glavu, naishika kwapani, halafu narusha."

"Na wenzako wanafanya nini wakati wewe unavua nguo huko uwanjani?"

Akacheka kidogo huku analia. Halafu akasema, "Mwalimu amesema nirushe na kulia kama watu. Nikirusha na kulia mpira haufiki. Amesema wiki ijayo anachagua, na kama siwezi nimuachie mwingine nafasi."

Yawa. Niliweka kikombe chini kwa nguvu mpaka kikapasuka, na kilikuwa kikombe kizuri.

Nilienda shuleni kesho yake. Mwalimu Wafula, tumwite hivyo, ni kijana, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamtukana unaenda zako. Alinipa kiti. Aliniita Mama. Nikamuuliza, "Mwalimu, glavu ya mashoto iko wapi?"

"Mama, hizi zote zimekuja za kushoto."

"Hizi zinavaliwa kushoto. Ni za watu wa kulia."

"Ndiyo, si ni sawa? Watu wote ni wa kulia."

"Huyu si wa kulia."

"Atazoea. Hata mimi nilikuwa wa kushoto nikiwa mdogo, nikazoea. Si unaona nimekuwa mwalimu?"

Nilimwangalia ule mkono wake wa kulia ukiandika majina, pole pole, herufi kubwa kubwa za mtoto, nikaona hasira yangu imepata ndugu, huruma. Ni nani aliyemfanyia huyu hivyo? Na leo anamfanyia mwingine, na anaona ni msaada. Nikamwambia, "Nikileta glavu ya mashoto kabla ya siku ya kuchagua, utamwona akirusha na mkono wake?"

"Ukileta nitamwona, Mama. Lakini siwezi ahirisha siku."

Jumapili sikuenda kanisani, na mchungaji wangu analijua hilo, tumeshazungumza. Nilienda Kibuye wakati mabeli yanafunguliwa. Kibanda changu sasa ni cha Ouma, kijana niliyemwachia, sasa si kijana tena, ana kitambi. Nikamwambia nataka glavu ya besiboli ya kuvaliwa mkono wa kulia.

"Hizo hazikuwangi hapa, mama. Zinaisha."

"Zinaisha aje, na hakuna anayecheza na kushoto mji huu?"

Akaanza kukuna shingo. Ouma akikuna shingo kuna jambo. "Wale mama wa samaki," akasema. "Wanaokaanga kule ziwani. Wanazitaka sana za mkono wa kulia. Wanashikia karai ya mafuta ikiwa moto. Zikitoka kwa beli nawapigia simu."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza mara ya pili, akasema hivyo hivyo, na fahari kidogo, kama mtu aliyegundua soko. Na kusema kweli ni biashara nzuri, Ouma si mjinga. Mwanamke anashika karai na mkono wake wenye nguvu, mkono wa kulia, na hapa kuna ngozi nene ya ng'ombe yenye sponji ndani, ya mkono wa kulia, ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Kwa hivyo kila glavu ya mtoto wa mashoto iliyovuka bahari ikafika Kisumu, imeenda kuunguzwa kwenye mafuta ya kukaangia samaki wa mbuta. Nilimtukana Ouma matusi ambayo siwezi kuandika. Alivumilia, maana mimi ndiye niliyempa kile kibanda, halafu akaniambia jina la mteja wake mkubwa.

Mama Pamela anakaangia kando ya ziwa, chini ya mabati, moshi mpaka machoni. Nilimkuta ameishika karai na glavu ninayoitafuta. Ilikuwa nyeusi tii, imekakamaa pembeni, mafuta yanadondoka, lakini nikiangalia vidole naona mshono mzima. Mkono wangu ulitaka kumnyang'anya.

"Mama Pamela, nataka hiyo glavu."

"Na mimi nataka nyumba Milimani," akasema, bila kugeuka.

"Sikutanii. Kuna mtoto anaihitaji kucheza mpira."

"Na mimi nacheza na moto hapa tangu asubuhi. Ukiichukua nitashika na nini, na maombi?"

Ndugu zangu, nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Alivua ile glavu akanionyesha mkono wake wa kulia, una kovu kutoka kwenye kidole mpaka kwenye kiwiko, la siku alizokuwa anashikia na matambara. Hakuna mtu atamnyang'anya mwanamke kama huyo kinga yake amwache anaungua. Nikatoka pale nikaenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, nikapata glavu za welda, jozi, ndefu mpaka kwenye kiwiko, hizo ndizo zina mwenzake. Nikarudi nikamwekea mezani. Akavaa, akashika karai, akaiweka chini, akaishika tena. Halafu akaichomoa ile nyeusi aliyokuwa ameichomeka kiunoni, akanipa, na vipande viwili vya samaki juu. "Mwambie mtoto asiipoteze," akasema, "hiyo ilinisaidia sana."

Sasa kazi. Wengine wenu mnachukua glavu kavu mnaimwagia mafuta ya gari yaliyotumika, eti ilainike. Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea ya mwanawe hivyo, inanuka gereji, nzito kama tofali, nyuzi zote zimeoza. Nilimwambia akamwage na kwenye viatu vya harusi yake. Wengine mnaianika juu ya mabati saa sita mchana. Ngozi ikikauka hivyo inakuwa kama samaki wa kuanikwa, na hiyo hairudi tena.

Ya Mama Pamela ilikuwa na tatizo la upande mwingine, imeshiba mafuta ya kukaangia, na hayo yanaozesha. Niliipaka unga wa mahindi ndani na nje, nikaiweka kivulini, nikaikung'uta, nikaipaka tena, mpaka unga ukaacha kugeuka rangi. Nikaipangusa na kitambaa chenye sabuni kidogo. Kamba zote zilikuwa zimekufa, nikazitoa. Mtu akaniambia niweke nyuzi za nyavu, maana huko kwetu zimejaa. Hapana. Uzi wa nyavu ni mwembamba na mgumu, unakata matundu ya ngozi kama wembe. Nilichukua mkanda wa begi kuukuu la ngozi, nikaukata vipande vyembamba, nikavipitisha kwa sindano ya fundi wa viatu, tundu kwa tundu, kama Mzee Okumu alivyonionyesha. Mahali pamoja nilikosea nikashona kombo. Nikakata, nikarudia. Mwisho nikapaka mafuta ya kujipaka, kidogo sana, kwenye mikunjo tu, nikaweka mpira katikati, nikaifunga na kamba ya blada ya baiskeli ikalala hivyo, ijue umbo la mpira. Harufu ya samaki ilibaki. Hilo sina dawa yake.

Mama Adhiambo alikuja akaniona nikifanya kazi. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Kwa hivyo umeamua mtoto wangu atakuwa wa kushoto."

"Mungu aliamua. Mimi nashona tu."

"Watu watamcheka, Nyar Usenge. Wewe hutakuwepo watu wakimcheka. Akiolewa, ampe mama mkwe chakula na kushoto? Unadhani nampiga kwa sababu simpendi?"

"Akirudi nyumbani kuuza nyanya, atarudisha chenji na mkono gani?"

Aligeuza uso akatazama barabara. Najua anampenda. Hasira yangu kwa watu wa kunyamaza ni kubwa kuliko kwa watu wa kelele, lakini siku hiyo nilimwambia neno moja tu: siku ya kuchagua timu uje. Akasema ana nyanya. Nikamwambia Ouma ana deni langu la zile glavu, atamuuzia nyanya.

Akaja. Tukasimama nyuma ya mstari, mimi na yeye, jua kali, kiwanja kina mashimo. Adhiambo alitoa glavu kwenye mfuko na wasichana wakaanza. "Eh, nani ameleta samaki ngege hapa?" Mmoja akaziba pua. Mwalimu Wafula naye akainusa, akanitazama, akatingisha kichwa. Lakini alikuwa ameahidi. Akampeleka Adhiambo kwenye kituo cha kwanza, pale ambapo mipira inakuja mingi na kwa nguvu, na akaanza kupiga.

Wa kwanza ukamponyoka. Mama Adhiambo akanishika gauni. Wa pili ukaruka shimoni ukamjia usoni, na ile glavu nyeusi ikapanda yenyewe, ikafunga, ukasikika mlio ule wa ngozi nzuri, na kabla mtu hajajua mpira umeshatoka. Mkono wa kushoto. Haukupita kwapani, haukuuliza ruhusa kwa mtu. Ulienda mpaka upande wa pili wa kiwanja, na msichana aliyeudaka na ile glavu yake ya kung'aa aliachia, akaanza kupuliza kiganja. Mwalimu akapiga mwingine. Na mwingine. Yule aliyeziba pua akaiachia. Mimi nililia, na sioni haya.

Mwalimu Wafula alisimamisha mchezo, akaandika jina. Halafu akaja pale tulipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hizo za mkono wa kulia, unaweza kunipatia ingine?"

"Ya mtoto gani?"

Alikuwa anaufungua na kuufunga mkono wake wa kushoto, kama anaujaribu. "Kuna mmoja nilimwachisha mwaka jana," akasema.

Nilimwambia maneno yangu, na nilimwambia kwa ukali, na nitawaambia na nyinyi mlio walimu na makocha na wazazi: kabla hamjasema mtoto hawezi, angalieni mmemvalisha nini na mmemvalisha wapi. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia aende kwa Ouma, na apeleke glavu ya welda ya kubadilishana.

Adhiambo akaja mbio, jasho, vumbi, meno yote nje. Alipomfikia mama yake akasimama. Mama akanyoosha mkono wa kulia amsalimie, amshike hongera, kama tunavyofanya. Na mtoto akakumbuka mkono wake wa kulia uko ndani ya glavu. Akauficha ule wa kushoto nyuma ya sketi, akaanza kuvuta kamba na meno aivue upesi.

"Wacha," mama yake akasema.

Adhiambo akaacha, kamba bado iko mdomoni.

"Wacha kuvua. Nipe huo."

Mtoto hakuelewa. Ikabidi mama anyooshe mwenyewe, autoe ule mkono nyuma ya sketi, aushike na mikono yake miwili mbele ya shule nzima. Na hakuuachilia mpaka tulipofika barabarani.